Ukatili wa Wanaume na Kitabu cha Bajeti ya Halmashauri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, wakuu wa idara, ndugu watendaji wa kata. Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko inasema nizungumzie ukatili dhidi ya wanawake. Nitazungumzia ukatili wa wanaume, kwa sababu hao wanawake hawajipigi wenyewe. Wanaowapiga na kuwabaka, kwa sehemu kubwa mno, ni sisi. Tazameni pia ukumbi huu: wengi tuliokaa hapa kupanga matumizi ya fedha ni sisi hao hao. Sisemi hivyo kumtukana mtu. Nasema ili tujue kazi iko kwa nani.

Sikuja kuwaeleza kwamba ukatili ni mbaya. Hilo mnalijua. Kila tarehe 25 Novemba tunavaa fulana, tunaandamana na matarumbeta mpaka uwanjani, mgeni rasmi anahutubia, na ikifika tarehe 10 Desemba zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zimekwisha na fulana zimekuwa nguo za kulalia. Mimi nimekuja kwa ajili ya siku 349 zinazobaki.

Niseme takwimu haraka, maana najua saa hizi chai inasubiriwa. Utafiti wa kitaifa wa afya, hapa Tanzania, wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 40 kati ya 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Utafiti wa 2022 ukakuta 27. Waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono walikuwa 17 kati ya 100, wakawa 12. Kwa hiyo tumepiga hatua, na anayesema hakuna kinachobadilika anawakosea waliofanya kazi. Lakini Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, huu tunaouita MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18 na kumalizika 2021/22, ulilenga kuupunguza ukatili kwa nusu. Tumepunguza kama theluthi. Nusu hatukufika.

Kwa nini? Jibu langu, na mtanisahihisha wakati wa maswali, ni kwamba mpango ule ulishuka hadi kijijini kama kamati, haukushuka kama fedha. Kila kata ikatakiwa iwe na Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto, na kila kijiji na mtaa vivyo hivyo. Mtendaji, afisa maendeleo ya jamii, mganga, mwalimu, polisi kata, shehe, mchungaji. Watu wazuri. Kamati ikazinduliwa, picha ikapigwa, mhuri ukagongwa. Kikao cha pili kikasubiri mfadhili. Mfadhili alipoondoka, kamati ikabaki kwenye faili. Sisi hapa tunajua kitu kisicho na kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti, kinaishia wapi.

Sasa tuje kwenye mambo ambayo ni ya halmashauri, si ya Dodoma wala ya mfadhili.

La kwanza ni huduma kwa aliyeumizwa. Chukulieni binti amebakwa Ijumaa saa tano usiku, kijiji cha mbali. Dawa za kumkinga asipate maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Jumamosi familia inakaa kikao. Jumapili wanakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, anawaambia wamwone mtendaji. Jumatatu asubuhi mtendaji anaandika barua ya kwenda polisi. Kituo cha polisi kiko mbali, bodaboda anataka elfu kumi na tano, haipo. Inatafutwa. Wanafika jioni, wanapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, wanaambiwa hospitali waende kesho. Jumatatu saa tano usiku, saa 72 zimekwisha. Hakuna aliyemfukuza. Kila mtu alifuata utaratibu.

Nani mwenye zahanati aliyoipita huyo binti bila kuingia? Ni sisi. Mganga wake ni mtumishi wetu. Kituo cha afya ni chetu, gari la wagonjwa ni letu. Basi hatuhitaji sheria mpya ili kuamua kwamba kila kituo cha afya kitakuwa na dawa hizo wakati wote, na angalau mtumishi mmoja aliyefundishwa kupima na kuandika majeraha kwa namna ambayo mahakama itaipokea. Kiwe pia na chumba chenye mlango unaofungwa. Mkurugenzi anaweza kukaa na OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, wakakubaliana fomu za PF3 zipatikane pale pale kituoni, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto afuate mgonjwa badala ya mgonjwa kumfuata yeye. Baadhi ya hospitali zetu nchini zina Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako chini ya paa moja. Si kila halmashauri itajenga jengo hilo. Lakini fungu dogo la nauli na mafuta, lililo mikononi mwa afisa ustawi wa jamii, lisilosubiri sahihi tano? Posho za kikao kimoja cha Baraza hili zingelipa nauli nyingi sana. Msinune, waheshimiwa, na yangu ya leo imo humo.

La pili nalisema kwa watendaji, na nalisema kwa ukali kidogo. Kubaka hakusuluhishwi. Kanuni ya Adhabu, tangu ilipobadilishwa mwaka 1998 na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, na kwa aliyembaka mtoto chini ya miaka 10 ni maisha. Mtendaji anayekalisha familia mbili chini ya mwembe na kuandika kwamba "wamemalizana" kwa ng'ombe wawili hajaleta amani kijijini. Amewasaidia kuficha jinai, na mhuri wa ofisi ya umma ndio uliotumika. Kumpiga mke nako si "mambo ya ndani". Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumcharaza mwenzi wake. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 50. Ni kweli Tanzania Bara haina sheria yake maalumu ya ukatili wa majumbani kama waliyonayo Wakenya tangu 2015, na mimi ni mmoja wa wanaoidai. Lakini tusijifiche nyuma ya sheria isiyokuwepo wakati iliyopo hatuitumii.

Msiniambie pia kwamba wanawake wenyewe wanakubali kupigwa. Najua. Utafiti ule wa 2015-16 uliwauliza watu kama kuna sababu inayomhalalishia mume kumpiga mke, na waliosema ipo walikuwa wanawake 58 kati ya 100, wanaume 40. Mtu aliyelelewa akiona mama yake anapigwa na baraza la wazee linamwambia avumilie, unategemea ajibu nini?

La tatu ni mikopo ya asilimia 10, na hapa nitakaa kidogo. Mnajua mgao wake: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kutoka mapato yetu ya ndani, bila riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kwenye mabaraza yetu hoja huwa ni marejesho tu. Nani amelipa, nani amekimbia. Hakuna anayeuliza mkopo ukifika nyumbani nini kinatokea. Wapo kina mama ambao hela haikai usiku mmoja mkononi, mume anaichukua. Akikatalia, anapigwa. Kikundi kinamwandika mdaiwa sugu, nasi tunatishia kumpeleka mahakamani. Yaani tumempa mume fedha za umma, halafu tumemdai mke.

Kule Mwanza watafiti walichukua vikundi vya wanawake wanaokopa, wakavigawa makundi mawili. Kundi moja likaendelea na mikopo yake kama kawaida. Jingine likaongezewa masomo 10 juu ya mahusiano, haki na namna ya kuzungumza nyumbani bila ugomvi. Zaidi ya miaka miwili baada ya kuanza, waliosema wamepigwa na wenzi wao katika mwaka uliopita walikuwa takribani 17 kati ya 100 kwenye kundi la mikopo mitupu, na 12 kwenye kundi lililosoma. Kwa ukatili wa kingono tofauti haikuonekana, nami silifichi hilo. Hata hivyo masomo 10 ni bei nafuu. Kila kikundi kinachokopa kwetu tayari kinapewa mafunzo ya kuandika leja. Afisa maendeleo ya jamii ndiye anayeyatoa. Mwongezeeni masomo hayo, na mafuta ya pikipiki.

Ila kuwafundisha wanawake peke yao ni kumpa anayepigwa kazi ya kumzuia anayempiga. Kampala walijaribu njia inayogusa mtaa mzima, wanaume wakiwemo: majirani waliofundishwa wakazungumza na majirani wenzao, vijiweni na sokoni, mwaka hadi mwaka, kuhusu nani ana nguvu juu ya nani. Mitaa iliyopata kazi hiyo, ukatili wa kimwili wa wenzi ulikuwa chini kwa asilimia 52 ukilinganisha na ambayo haikupata. Haukuwa mkutano wa hadhara wa siku moja wenye spika kubwa.

Masoko je? Ni ya kwetu, ushuru tunakusanya sisi. Dar es Salaam, kwenye masoko ya Ilala na Temeke, shirika la Equality for Growth liliendesha kampeni ya "Mpe Riziki Si Matusi". Mama ntilie na wauza mboga walikuwa wanashikwa maungo na kutukanwa, na ilionekana ndiyo biashara ilivyo. Wafanyabiashara wenyewe wakafundishwa kuwa wasaidizi wa kisheria pale pale sokoni, na kamati za soko zikaweka kanuni zenye faini. Sisi tuna mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Tumetunga za mbuzi wanaozurura, tumetunga za taka. Ya mwanaume anayemshika mwanamke sokoni au stendi iko wapi? Na taa za stendi hiyo, na vyoo vya soko visivyo na milango, ni ukarabati wa kawaida kabisa, unahitaji mtu auweke kwenye mpango tu.

Vilabu vya pombe nitavipita mbio. Vibali vinatoka kwetu na saa za kufunga zipo kisheria. Zisimamieni. Lakini pombe isigeuzwe wakili wa mtu. Mlevi huyo huyo akikutana na OCD njiani hampigi.

Mwisho ni namna tunavyohesabu. Mtendaji akileta taarifa ya robo mwaka yenye matukio sifuri, tunampigia makofi. Anayeleta matukio 30 anaulizwa kata yake ina nini. Basi wote wamejifunza kuleta sifuri. Kata ambayo wanawake wameanza kuamini ofisi lazima iripoti mengi zaidi mwanzoni. Mimi ningemhoji wa sifuri. Na ningetaka safu nyingine kwenye daftari: tukio limefikishwa polisi lini, hospitali lini, kesi imefika wapi, mama na watoto wanalala wapi sasa. Bila hizo, idadi peke yake haimsaidii mtu.

Kikao cha Kamati ya Fedha kiko karibu na rasimu ya bajeti mnayo. Nimeipitia jana usiku, ukurasa wa Maendeleo ya Jamii na Ustawi wa Jamii ni mmoja na nusu. Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba maswali yaanzie hapo.