Shemasi na Meza ya Sadaka: Mhadhara kwa Wanaopendekezwa, Tanga

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asanteni wazee wetu kwa nafasi hii, na nyinyi mliotoka Pongwe mkawahi.

Kwa ndugu zetu Waanglikana na Wakatoliki, shemasi huwekewa mikono na askofu, na wengi hupita hapo kuelekea ukasisi au upadri. Leo nazungumzia makanisa kama letu, ambako washirika wenyewe huchagua mashemasi miongoni mwao. Neno la Kigiriki ni diakonos: mtumishi, hata yule anayepakua chakula mezani.

Tufungue Matendo sura ya 6. Luka hawaiti wale saba mashemasi, ila kazi yao ndiyo hii yetu. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Sasa someni majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni ya Kiyunani! Kanisa halikuwanyamazisha walionung'unika. Mgao wenyewe liliwakabidhi watu wenye majina ya upande wao. Hapa Tanga Mbondei, Msambaa, Mdigo na mgeni aliyefuata kazi bandarini wanakaa benchi moja, na anayesahauliwa ni yule asiye na ndugu kwenye kamati. Kwa hiyo daftari la wahitaji liandikwe kwa mitaa, Makorora, Ngamiani, Chumbageni, nyumba kwa nyumba. Mkiandika waliokuja ofisini tu, mtawapata wenye ujasiri wa kuomba na kuwakosa wenye haya. Kila miezi mitatu lipitiwe upya, maana watu huhama, hufariki, wengine hupata nafuu.

Sifa zenyewe ziko 1 Timotheo 3:8-13. Awe mstahivu, asiwe mtu wa kutumia mvinyo sana, asitamani fedha ya aibu, nyumba yake aisimamie vema. Hayo mnayajua. Mimi nataka tukae kwenye sifa moja, asiwe mwenye kauli mbili, yaani kusema hili hapa na lingine kule, kwa sababu ndipo wengi wanapoanguka. Shemasi huingia majumbani. Huona sufuria iliyofudikizwa jikoni tangu jana, husikia kikohozi nyuma ya pazia. Akimwambia mama, "Msaada wako umeshapita," kisha mbele ya wazee akasema, "Yule ana watoto wanaojiweza," mama atasubiri mchele usiokuja, na lawama itakwenda kwa mchungaji. Mwambieni mhitaji neno moja tu: nimeona, nitapeleka, jibu utaletewa siku fulani. Siku hiyo ikifika nendeni, hata kama jibu ni hapana.

Kuhusu fedha. Sadaka ihesabiwe siku ileile, na watu wasiopungua wawili wasio wa nyumba moja. Tenganisheni noti: elfu kumi, elfu tano, elfu mbili, elfu moja, sarafu mwisho. Kila mmoja ahesabu peke yake na kuandika jumla yake kabla ya kumsikia mwenzake. Zikitofautiana, rudieni fungu kwa fungu. Msigawane tofauti ili mpatane. Wote watie saini, fedha ziende benki Jumatatu. Kosa linalozaa mengine ni kuchomoa kabla ya kuandika: "Tutoe kwanza ya mafuta ya jenereta." Hakuna aliyeiba, lakini hesabu haitarudi tena, na mtu mwaminifu atashukiwa mwaka mzima.

Mzee wa kanisa anatakiwa ajue kufundisha. Shemasi hakuwekewa sharti hilo, ila aishike imani kwa dhamiri safi. Na wanawake? Mstari wa 11 wa 1 Timotheo 3 wengine huusoma kuwa ni wake za mashemasi, wengine mashemasi wanawake. Fibi wa Kenkrea anaitwa diakonos katika Warumi 16:1, neno lilelile, nami sioni sababu ya kulipunguza uzito likifika kwake.

Paulo anasema wajaribiwe kwanza. Mimi nashauri miezi sita. Apewe mtaa mmoja na nyumba chache, akae meza ya kuhesabia bila kushika ufunguo wa kabati. Wazee wasimuulize yeye maendeleo. Waende kwenye zile nyumba, wamuulize bibi aliyelala kitandani: alikuja lini, alisema nini, na alichosema kilifika?