Kipande Kitupu Hakitupwi

Haya jamani tuanze, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo, na feni ya huku ndo inayozunguka. Wengine mshanisikia na jambo hili mpaka mmechoka, namuona kijana pale ashaanza kucheka hata sijafungua mdomo, cheka tu mwanangu, siku ukiacha kuandika kodi ya programu ya hovyo na mimi ntanyamaza. Nimeambiwa niongelee kukata na kuunga stringi kwenye Objective-C, ile lugha ya kuandikia programu. Stringi ni maandishi, arei ni orodha, zaidi ya hapo sielezi, mnajua.

Kukata ni componentsSeparatedByString, unaipa kitenganishi inakurudishia arei ya vipande. Kuunga ni componentsJoinedByString, hiyo unaiita kwenye arei siyo kwenye stringi, unaipa cha kuweka katikati inakurudishia stringi moja. Basi. Kama ulifuata hayo tu unaweza kwenda zako Raskazone ufukweni ukapunge upepo. Mimi shida yangu ni pale ambapo kati ya vitenganishi viwili hakuna kitu.

Una herufi a, koma, koma, herufi b. Ukakata kwa koma. Vingapi? Nasikia viwili, nasikia vitatu. Vitatu! Cha kati ni stringi tupu. Stringi ikianza na koma kipande cha kwanza kitakuwa kitupu, ikiishia na koma cha mwisho kitakuwa kitupu, na ndivyo inavotakiwa kuwa. Sasa vijana wakiona stringi tupu kwenye arei wanawashwa, lazima wazifute, wanaleta NSPredicate, yani sharti la kuchujia, yenye length > 0 wabaki na zenye urefu tu, wanachuja, wanasema sasa safi. Safi ya nani?

Kuna duka moja la vifaa vya ujenzi hapa hapa Tanga, silitaji, linakopesha watu. Dogo mmoja akalitengenezea programu ya kusoma daftari la madeni, daftari limeshaingizwa kwenye faili, kila mteja na mstari wake: jina, simu, mtaa, deni, alicholipa, halafu maoni. Vyote vimetengwa kwa semikoloni. Faili lilitoka kwenye kompyuta ya Windows, na Windows mstari unaisha kwa alama mbili, \r halafu \n. Dogo akakata mistari kwa componentsSeparatedByCharactersInSet akaipa newlineCharacterSet, yani seti ya alama za kumaliza mstari. Ile metodi kila alama iliyomo kwenye seti ni kitenganishi kivyake, haijui kama hizo mbili zimekuja pamoja, kwa hiyo kila baada ya mteja mmoja akawa anapata stringi tupu. Mteja, tupu, mteja, tupu. Akaandika fankshoni ya kufuta tupu. Mpaka hapo simlaumu sana, ingawa angetumia enumerateLinesUsingBlock, inayosoma mstari mmoja mmoja, asingeziona kabisa. Lakini fankshoni si anayo sasa? Akaona tamu, akaitumia na kwenye vipande vya ndani ya mstari.

Sasa kuna bibi wa Makorora hana simu. Alikuwa na deni la 45,000 akalipa 40,000, bado 5,000, kwenye maoni wameandika atamalizia Ijumaa. Sehemu ya simu ipo tupu manake hana. Futa tupu. Makorora ikapanda ikakaa kwenye simu, 45,000 ikakaa kwenye mtaa, 40,000 ikakaa kwenye deni, na "atamalizia Ijumaa" ikakaa kwenye alicholipa. Hapo si ndo programu ilitakiwa ipige kelele? Haikupiga. Dogo alikuwa anabadili maandishi kuwa namba kwa integerValue, na integerValue ukiipa maneno haikugombezi, inakupa sifuri kimyakimya. Kwa hiyo bibi wa watu anadaiwa 40,000 na hajawahi kulipa hata senti, anatumiwa kijana nyumbani akadai.

Ngoja, bado. Wapo wengine wasio na simu waliodaiwa 45,000 wakalipa 10,000 tu, hao programu ikasema wanadaiwa 10,000 badala ya 35,000. Mmewahi kumsikia mtu anakuja dukani kulalamika kapunguziwa deni? Ndo manake mambo yaliendelea hivo hivo bila mtu kusema. Na wale wasio na simu na maoni hayakuandikwa, hao vipande vilibaki vinne, programu inatafuta cha tano haikioni, NSRangeException, yani umeomba kisichokuwemo kwenye arei, inakrashi. Tajiri wa duka mtu mzima mwenye akili zake akagundua mwenyewe kwamba ukiandika neno lolote kwenye maoni haikrashi tena, basi akawaambia wafanyakazi wawe wanaandika chochote, wakawa wanaandika "sawa". Yani kukrashi ndo ilikuwa sehemu pekee ya programu inayosema ukweli na wakaizima!

Kiti cha daladala kikikosa abiria huking'oi ukatupa nje, konda anahesabu viti. Kipande kitupu ni hivo, ni jibu kwamba hapa hakuna, na kukosekana kwa simu ya bibi ni taarifa kama simu yenyewe. Ukitaka kulinda, kabla hujagusa indeksi yoyote, yani namba ya nafasi ya kipande, uliza count, vipo vingapi, mstari wa vipande sita ukija na vitano ukatae, uuweke pembeni, mwambie mtu aangalie. Sijasema usifute tupu hata siku moja. Mtu kaandika sentensi na nafasi mbilimbili katikati unataka maneno tu, futa, hapo nafasi ya kipande haina maana yoyote. Kwenye rekodi ina maana. Tofauti ni hiyo, na haikai kwenye metodi, inakaa kwa anayejua faili lilipotoka.

Najua kuna mtu anataka kusema mzee Objective-C ishazeeka, tunaandika Swift, lugha mpya ya Apple. Nalisubiri hilo. Kweli imezeeka, Brad Cox na Tom Love waliianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, NeXT, kampuni ya Steve Jobs, wakaichukua, hiyo NS mnayoiona kwenye NSString na NSArray ni ya NeXTSTEP, mfumo wa kompyuta zao, Apple wakainunua NeXT ikaja nayo. Swift ikatangazwa 2014. Lakini hebu fungua Swift yako uite split na separator, usiongeze kitu, uone. Inafuta tupu yenyewe! omittingEmptySubsequences, yani acha vipande vitupu, ni true usipoigusa. Ile fankshoni ya dogo wa duka, kwenye Swift ushapewa bure bila kuomba. Ukitaka zibaki uandike false, au uite components(separatedBy:) ambayo ni ile ile ya wazee. Java nayo split yake ya kawaida inatupa tupu za mwishoni na kuacha za katikati, sijui ndo tuseme kila mtu na desturi ya kwao. Kwa hiyo msinikimbilie na Swift, kuhama nyumba hakujafuta deni la bibi.

Saa imeenda. Kuunga nilitaka tukae nako, basi haraka haraka.

Unga arei isiyo na kitu ndani, unapata stringi tupu. Ikate ile stringi tupu uliyoipata, unapata arei ya kipande kimoja, kitupu. Kwa hiyo ulihifadhi oda sifuri ukasoma oda moja, una mteja hewa. Kabla ya kukata angalia length. Lingine, arei imetoka kwenye JSON, ule muundo wa kubadilishana data, na ndani kuna null, yani hakuna kitu, Objective-C inaweka NSNull, ukiunga unapata neno <null> pale katikati ya jina la mtu na linaprintiwa kwenye risiti, manake kuunga kunaita description, yani maelezo kwa maandishi, ya kila kitu kilichomo. Lingine, data yenyewe ina kitenganishi, mtu kaandika mtaa "Ngamiani, barabara ya 12", ukaunga kwa koma ukaja kukata kwa koma, kipande kimeongezeka. Hapo usinitafutie alama ya ajabu ajabu ukasema hakuna mtu atakayeiandika, ataiandika tu, tumia JSON au CSV yenye kunukuu kweli kweli, yani data inawekwa ndani ya alama za nukuu. Na 45,000 ikiandikwa na koma ndani ya faili, lile la duka halikuwa nazo, ukiipa integerValue inakupa 45, inasimama kwenye koma, hilo nendeni mkalijaribu wenyewe.

NSScanner, ya kusoma stringi kidogo kidogo, nimeiruka, ni nzuri pale kipande kinapotakiwa kuwa namba kweli, inakwambia nimeshindwa badala ya kukupa sifuri. NSMutableString, stringi inayobadilika, mnayo, kama unaunga ndani ya lupu ndefu tumia hiyo na appendString. Emoji, ndiyo mama nimekuona umenyoosha mkono, length inahesabu vipimo vya UTF-16, yani vijisehemu ambavyo kompyuta inahifadhia maandishi, siyo herufi kama macho yanavoona, emoji nyingi moja ni vipimo viwili na zaidi, ukikata kwa substringToIndex unaweza kuipasua katikati, kwa hiyo kwanza uliza rangeOfComposedCharacterSequenceAtIndex mpaka wake uko wapi halafu ukate hapo.

Nimemaliza mie, maswali basi. Siyo ya Swift.