Kabla ya kupima kuridhika Dodoma, angalia mawingu

Mbukwenyi jamani. Nyie wa nyuma sogeeni, viti vya mbele havina mwenyewe.

Ile skeli ya Diener ya 1985, ya kupima mtu ameridhika kiasi gani na maisha, mnayo mkononi, sentensi tano, kila moja unajipa 1 (hukubali kabisa) mpaka 7 (unakubali kabisa), siielezi tena. Mi ugomvi wangu ni uleule mliochoka kuusikia, hali ya hewa. Wanasaikolojia Schwarz na Clore, 1983, kule Marekani, waliwapigia watu simu, wengine siku ya jua wengine siku ya mvua, wakawauliza wameridhika kiasi gani na maisha, maisha yote eeh, siyo ya leo. Wa siku ya jua wakajipa alama za juu. Ila wa mvua wakianza kuulizwa hali ya hewa huko ikoje, tofauti inayeyuka, mtu anagundua kumbe kinachomnunisha ni mvua.

Najua kuna wa kunirukia hapa aseme, mwalimu, watafiti Lucas na Lawless 2013 walichukua Wamarekani zaidi ya milioni moja na hawakuona kitu cha maana. Sawa, nimewasoma! Lakini milioni yote ni Marekani. Nani kati yao alikuja Mvumi, Dodoma hii hii, mwezi wa pili, mtama uko magotini na jua linawaka wiki ya pili mfululizo, majani yameanza kujikunja, halafu umuulize mzee ameridhika na maisha? Akikupa 2 usiandike ana sonona. Mrudie mvua ikishapiga, miguu ina tope mpaka kwenye goti, atakupa 6 na kuku juu. Sisi hapa jua ndo linatununisha, na hilo kwenye fomu halipo.

Halafu tunashangaa ngazi ya Cantril, ile unayojiweka mwenyewe 0 (maisha mabaya kabisa) mpaka 10 (mazuri kabisa), ripoti ya furaha ya 2018 ikatuweka wa 153 kati ya nchi 156. Mliulizwa mwezi gani?

Mnasema basi tuchungulie ubongo wenyewe, haudanganyi. Haya, fasta. Mashine ya MRI haioni furaha, inaona damu yenye oksijeni inaelekea wapi. Utajuaje sehemu ile ndo ya kuridhika? Si mpaka umuulize aliyelala humo ndani! Tumerudi kwenye fomu. Na panya wa Olds na Milner, 1954, aliwekewa waya kwenye ubongo, akibonyeza kibati anapata umeme kidogo humo, akabonyeza mfululizo, tukasema anafurahi, baadaye watafiti kina Berridge wakaonyesha kutamani kitu na kukifurahia ni njia mbili tofauti kichwani.

Mengine naacha, mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali. Wewe wa UDOM, fupi tafadhali.