Sentimita Tano Si Kidogo: Kuchagua Chombo cha Kuokea Keki Nyumbani

Habari za mchana, ndugu zangu. Najua wapo waliokuja wakitarajia somo la mapambo. Mapambo yatasubiri. Keki ikiharibika tunalaumu oveni, mayai, hata unga, kumbe mambo yalikwenda mrama mapema, pale mpishi alipofungua kabati akachukua chombo kilichokuwa karibu na mkono wake.

Nianze na swali. Mapishi yanataka chombo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 20. Wewe unacho cha 25. Utaongeza vipimo kwa kiasi gani? Nasikia wengi mnasema robo. Ndivyo jicho linavyotudanganya. Mchanganyiko haujazi kipenyo, unajaza eneo lote la chini. Zidisha 20 kwa 20, unapata 400. Zidisha 25 kwa 25, unapata 625. Gawanya 625 kwa 400: 1.56. Yaani nyongeza ya nusu nzima na ushee! Mapishi ya mayai 4 sasa yanadai mayai 6, na unga, sukari na siagi vifuate mkondo huo. Ukishuka hadi chombo cha 15, utahitaji zaidi kidogo ya nusu. Mayai 2 yanatosha.

Hesabu hiyo ni ya duara kwa duara, au mraba kwa mraba. Ukivichanganya, kumbuka kwamba mraba una pembe nne ambazo duara halina. Mraba wa sentimita 20 una eneo la sentimita za mraba 400. Duara la 20 lina kama 314 tu. Mwenzake hasa ni duara la 23, lenye 415. Hapo unabadilishana bila kugusa vipimo. Na mnapopima, jamani, pimeni ndani, kutoka ukingo hadi ukingo kwa juu. Namba iliyogongwa chini ya chombo mimi siiamini mpaka nipitishe rula.

Kwa nini tuhangaike hivi? Kwa sababu upana wa chombo ndio unaoamua kina cha mchanganyiko, na kina ndicho kinachoamua muda. Joto huingia kupitia kuta, kitako na juu. Katikati hufikiwa mwisho. Mchanganyiko ukiwa na kina kirefu, pembeni hukauka na juu hupata rangi nzuri huku moyo wa keki ungali mbichi. Unaitoa, unaipigia makofi, nayo inabonyea mbele ya macho yako. Ukiwa umetandazwa mwembamba, huiva upesi na kukauka kabla hujakumbuka kuitazama. Basi keki yenye kina kirefu ipunguzie joto kama nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi na uiongezee muda. Ile nyembamba anza kuichoma kijiti mapema, dakika 10 kabla ya muda ulioandikwa.

Kuna vyombo vya maumbo yasiyopimika kwa rula, vya maua na vyenye tundu katikati. Hivyo vijaze maji kwa jagi la kupimia, uone vinachukua mililita ngapi. Chombo cha duara cha 20 chenye kina cha sentimita 5 huchukua kama lita moja na nusu. Kile kinachofunguka kitako huvuja, kwa hiyo tandika mfuko wa plastiki ndani yake kwanza. Ukishajua ujazo, mimina mchanganyiko wa keki ya kawaida kati ya nusu na theluthi mbili, usipite hapo. Unaobaki utie kwenye vikombe vya keki ndogo. Kuumwaga wote kwa sababu "ni mdogo tu" ndiyo njia ya hakika ya kusugua sakafu ya oveni usiku.

Rangi na malighafi nitavigusa tu: chombo cheusi hunyonya joto zaidi na kuunguza pembeni haraka, na cha kioo vilevile kipunguziwe kama nyuzi 15.

Ndiyo, dada, nimeliona swali lako: anayeanza anunue vingapi? Viwili. Duara la 20 lenye kuta zilizosimama wima, kina sentimita 7 au 8, na mraba wa 23. Seti zile za vyombo vitano vinavyoingiana ziache dukani. Vitatu kati yake hutavigusa.