Parachichi la wapi? (Kipindi: uvimbe wa ukeni ambao si saratani)

ATU: Ugonile wote mnaotusikiliza, kuanzia Mwanjelwa mpaka Makambako huko. Leo kaka Anyi kaja kanuna.

ANYI: Lazima ninune dada Atu. Wiki hii maabara imeletwa chupa, ndani nyama imetolewa kwenye shavu la uke, fomu imeandikwa "uvimbe saizi ya parachichi". Basi! Umri hamna, upande gani hamna, umekaa muda gani hamna.

ATU: (anacheka) Parachichi la wapi sasa?

ANYI: Ndo swali langu! Hass ya kusafirisha au lile la kienyeji la Tukuyu linalolisha nyumba nzima?

ATU: La Tukuyu halina mpinzani, Njombe mtusamehe.

ANYI: Wakusamehe wao ndo wenye makontena? Endelea bwana.

ATU: Haya. Mama akija na uvimbe pale, sisi wauguzi kichwani inakuja Bartholin, na mara nyingi ni kweli, ile tezi iko chini ya mlango wa uke kila upande, mdomo ukiziba inajaa. Sasa anapewa antibayotiki, haupungui, anapewa tena, mwishowe mtu anachoma sindano avute maji, kavu.

ANYI: Kavu maana yake kuna nyama. Inaweza kuwa lipoma, mafuta tu, inaweza kuwa ngiri imeshuka kutoka kwenye kinena, ukikata kichwakichwa unakutana na utumbo. Au ndo hizi za nadra, anjiomayofibroblastoma, uvimbe wa nyama laini usio saratani, imeelezwa 1992 tu hapo, nyingi hazifiki sentimita 5, ina mpaka wake safi, ukiitoa yote kwa kawaida hairudi. Sentimita dada, rula ipo.

ATU: Hass moja ina sentimita ngapi?

ANYI: Atu!

ATU: Nauliza kitaalamu. Wodini kuna mpaka wanaoandika ndizi.

ANYI: Ndizi ipi, mzuzu? Kesho mtaniletea punje ya mchele wa Kyela.

ATU: Wa Kyela unanukia, ungeutambua bila darubini.

ANYI: (anacheka) Nimeshindwa. Ila umri mwandike jamani, mama aliyevuka 40 hiyo "Bartholin" mpya msiipasue tu, chukueni kipande kipimwe.

ATU: Sawa. Ila mimi mama akiniuliza ni kansa, namwambia nyingi si kansa, tulia tukusubirie majibu.

ANYI: Usimwambie. Kuna anjiomiksoma ile ya ndani, imeelezwa 1983, kusambaa mwilini ni nadra sana lakini haina mpaka, inapenya mpaka nyonga, unayoiona nje ni kidogo tu, na inarudi hata miaka mingi baadaye. Kwa macho hii na ile anjiomayofibroblastoma zote ni uvimbe laini usiouma. Mimi nazitenganisha kwa darubini, ile yenye mpaka safi ina mishipa midogo mingi na seli zimeizunguka, hii isiyo na mpaka seli chache, mishipa minene. Na kabla ya kisu ingepigwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili.

ATU: MRI kwa hela ya nani? Mama katoka Chunya huyo. Nikimnyamazia anaenda kwa mganga na harudi.

ANYI: Na ukimwambia si kansa pia harudi, afuate majibu ya nini sasa?

ATU: Atarudi kwa sababu nimeongea nae kama mtu.

ANYI: Hapana. Wewe unampa jibu ambalo bado liko kwenye chupa yangu.

ATU: Ninampa usingizi.

ANYI: Sikubali.

ATU: Usikubali. Mimi kesho nitamwambia vilevile.

ANYI: Tumebakiza dakika mbili, na zile dondoo za fomu hatujagusa. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama, ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya nyama, msiweke kwenye maji ya...

ATU: Hizo wiki ijayo.

ANYI: Wiki ijayo tulisema shinikizo la damu.

ATU: Basi ile nyingine. Ndaga fijo wasikilizaji, kaka Anyi aga watu.

ANYI: Siagi mpaka useme kuhusu MRI.

ATU: Kwaherini.