"Kipimajoto wamekupa wewe?" Kazi yetu wodini hapa Uingereza

Habari za nyumbani jamani, shikamooni wakubwa zangu. Nimetoka zamu sasa hivi, bado niko ndani ya gari na sare sijavua. Zamu ndefu, saa moja na nusu asubuhi mpaka saa mbili usiku. Nilitaka nikalale, lakini kuna dada aliniandikia chini ya video iliyopita: "Hivi shahada yako yote umeenda kubadilisha wazee pampasi?" Simlaumu. Hata mama yangu mdogo kule Tanga huwaambia watu mimi ni nesi, maana akisema mhudumu wanamwonea huruma. Leo nieleze.

Mimi ni msaidizi wa huduma za afya kwenye hospitali ya umma, hizi za NHS. Pampasi nabadilisha, tena kila siku. Naogesha, nalisha, nampeleka mtu choo, namgeuza asiyeweza kujigeuza. Nyumbani kazi hiyo tunaifanya ndugu. Mnajua saa ya kuona wagonjwa ilivyo: dada mtu anaingia na beseni, kanga begani, chupa ya uji mkononi. Mama alipolazwa, mimi ndiye niliyemwogesha. Hapa ndugu akija anakaa kwenye kiti pembeni, na mwili wa mgonjwa uko mikononi mwetu.

Lakini hiyo ni nusu ya siku yangu. Nusu nyingine natembea na mashine. Napima presha, mapigo ya moyo, joto, oksijeni, nahesabu pumzi, naangalia kama mgonjwa anajitambua. Naingiza kwenye kishikwambi, chenyewe kinajumlisha alama. Utaratibu unaitwa NEWS2. Ulianza 2012, ukarekebishwa 2017. Alama zikifika 5, nesi na daktari wanatakiwa haraka. Zikifika 7 ni dharura, watu wanakuja mbio. Na wa kwanza kuziona hizo namba mara nyingi ni mimi. Napima sukari, natoa damu, nafanya kipimo cha umeme wa moyo. Wenzangu wengine wanaweka hadi kanula, kile kibomba cha dripu kinachoingia mshipani.

Zamani haikuwa hivi. Mafunzo ya unesi yalihamishiwa vyuo vikuu, manesi wakaelemewa na dawa na makaratasi, kazi za kitandani zikashuka kwetu moja moja. Mwaka 2013, baada ya kashfa ya wagonjwa kutelekezwa kwenye hospitali ya Stafford, mwanahabari Camilla Cavendish alipewa kazi ya kuchunguza hali ya wasaidizi, akakuta mafunzo yetu hayana mpangilio, kila mahali na lake. Kuanzia Aprili 2015 kukawa na cheti cha mafunzo cha viwango 15. Mimi nimekipitia, kimenisaidia sana.

Kazi ilipanda, mshahara ukabaki palepale. Hili linaniuma, niseme wazi. Tunalipwa kwa ngazi, wenyewe wanaziita bendi. Mwongozo wa 2021 unasema bendi ya 2 ni kuogesha, kulisha na kupeleka choo. Anayepima na kutoa damu ni bendi ya 3. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 bendi ya 2 ilikuwa pauni 24,465 kwa mwaka, na bendi ya 3 ilifika pauni 26,598, kodi haijakatwa. Hospitali yangu ya kwanza ilinifanyisha kazi ya bendi ya 3 kwa mshahara wa bendi ya 2 miaka mitatu. Miaka mitatu, jamani! Hiyo tofauti ni ada ya mdogo wangu. Tulijiunga na chama cha wafanyakazi cha UNISON, kilichoibeba kesi hii nchi nzima. Wenzetu wa hospitali za Wirral walianza kugoma 2023 mpaka wakasikilizwa. Kwetu ilichukua barua, vikao, na kuandika kila siku umefanya nini na saa ngapi. Ukija, weka daftari lako tangu siku ya kwanza.

Na kabla sijasahau: mlango wa viza za walezi, wale wa nyumba za wazee na majumbani, kwa walioko nje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Wakala anayekudai mamilioni leo kwa nafasi hiyo, mkimbie.

Sasa nirudi kwenye kuogesha, maana dada aliyeandika aliona ni aibu. Tulikuwa na bibi mmoja, jina silitaji, Mjamaika, mweusi kama sisi. Aliwahi kufanya kazi hii hii miaka ya sitini. Asubuhi nimempima, alama ni 1, kishikwambi kimetulia. Kwenye karatasi ya usiku wameandika ngozi haina tatizo. Nikaleta beseni. Nilipofika miguuni nikashika kisigino cha kushoto: cha moto, na kigumu kuliko cha kulia. Kwa Mzungu ungeona wekundu, ukibonyeza haufifii. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, lazima mkono ufanye kazi ya jicho. Nikamwita nesi. Kidonda cha kulalia kilikuwa kinaanza ndani kwa ndani. Tukainua mguu juu ya mto, kisigino kikabaki hewani, likaletwa godoro la hewa. Hakikupasuka. Nyie mnaouguza nyumbani, hebu shikeni visigino, nyonga na kiuno, upande huu mlinganishe na ule.

Hiyo dakika ya kushika ndiyo inayopungua kila mashine inapoongezeka. Wodi ya watu 28 haimsubiri mtu.

Bibi alikuwa akiniangalia nikikusanya vifaa. Akaniuliza, "Kipimajoto wamekupa wewe?" Nikamwambia ndiyo. Akasema enzi zake, kwenye wodi yake, sista, yaani nesi mkuu wa wodi, hakuwaruhusu hata kukigusa. Wao walikuwa wa chai, mashuka na vyombo vya choo. Akanyoosha mkono. Nikampa. Nikainama, akanipima sikioni taratibu, mkono unamtetemeka, akasoma kwa sauti: 36.7.

"Andika," akaniambia.