Kamera Nunueni Mwisho

Hamjambo nyote. Wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na jam ya Waiyaki Way mmeionja, kwa hiyo niingie kwenye shughuli. Swali nililoletewa ni hili: ninunue kamera gani ya kupigia picha chini ya bahari? Nitalijibu, ila kamera yenyewe nitaifikia mwisho. Wanaoanza nayo ndio wanaotoa laki kadhaa halafu wanarudi na picha za buluu tupu.

Kwanza amua unamfuata nani. Kuna anayemtaka kasa, samaki taa, pomboo wa Kisite, au ukuta mzima wa matumbawe na mpiga mbizi akielea juu yake. Kuna mwingine anayetaka jicho la samaki mkunga, au kamba mdogo asiyefika urefu wa kucha. Hao ni watu wawili tofauti na lenzi zao hazikutani. Ile ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera dukani hufaa kila kitu nchi kavu. Majini huwa haifai kitu chochote sawasawa.

Sababu ni maji yenyewe. Maji hula mwanga, tena huanza na wekundu. Ukifika mita 5 hivi nyekundu imeshafifia sana, halafu inafuata rangi ya chungwa, kisha manjano. Ukijikata kidole mita 20 chini, damu utaiona ya kijani iliyokoza. Na mkipiga hesabu, msihesabu kina peke yake. Mwanga unashuka kutoka juu, unamfikia samaki, kisha unasafiri tena kuja kwenye lenzi, na njia nzima ni maji. Samaki aliye kina cha mita 3 tu, lakini mita 4 kutoka ulipo, wekundu wake umeshaliwa. Zuumu haitakusaidia, kwa sababu inamkuza samaki pamoja na maji yaliyo katikati yenu. Dawa ni kusogea. Basi lenzi ya baharini ni ile inayokuruhusu kusogea: ama iwe pana sana, ama iwe ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu.

Sasa tuje kwenye kioo cha mbele ya kasha, yaani boksi lisiloingia maji ambamo kamera hukaa, na hapa mnivumilie, maana ndipo picha huokoka au huharibika. Mwanga ukitoka majini kuingia kwenye hewa iliyo ndani ya kasha hupinda. Kioo kikiwa bapa, vitu huonekana vikubwa zaidi kwa theluthi moja hivi, na lenzi ya milimita 24 huanza kuona kama ya 32. Yaani umelipia upana, bahari imekunyang'anya. Na ukilazimisha lenzi pana sana nyuma ya kioo hicho, pembe za picha huvurugika na rangi huachana.

Kioo cha kuba hukurudishia upana wako, lakini nacho kina masharti. Kikiwa majini hufanya kazi kama lenzi, na picha ambayo kamera inaiona haiko kule aliko kasa. Iko karibu kabisa na kioo. Kuba lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 huikusanya bahari yote, hata ile ya mbali usiyoiona mwisho wake, ndani ya sentimita 30 hivi mbele ya kioo. Lenzi isiyoweza kushika fokasi karibu namna hiyo itakupa ukungu, hata kama uliinunua kwa bei ya pikipiki. Ndiyo maana wapiga mbizi wanapenda lenzi za jicho la samaki, zile pana kupita zote. Ile ya Canon ya milimita 8-15 hushika fokasi kwenye sentimita 15, tena zikipimwa kutoka kwenye kihisi, kile kinachopokea picha ndani ya kamera. Mtaniambia inapinda mistari. Ni kweli, lakini chini kule hakuna ghorofa za Upper Hill.

Kwenye makro, kioo bapa hakina ubaya wowote. Chagueni kati ya lenzi ya milimita 60 na ya 100 au 105. Ya 100 inakuacha mbali kidogo na kiumbe mwoga. Ya 60 inavumilia maji machafu. Na hayo machafu sisi wa huku juu tunayachangia: Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga udongo baharini kaskazini tu mwa mji wa Malindi. Mvua zikishanyesha, au kusi likivuma kwa nguvu, lenzi pana iacheni hotelini. Mwenye makro anapiga picha kupitia sentimita chache za maji, wala hajui wenzake wanalalamikia nini.

Mwanga nitaupitia haraka. Flashi mbili, kwenye mikono mirefu, zikae pembeni mbali na lenzi. Zikimulika maji yaliyo mbele yako, kila chembe itawaka na picha itajaa vidoa vyeupe.

Haya, kamera. Kwa anayeanza, mimi nasema ndogo. TG-7 ya OM System, iliyotoka 2023, inazama mita 15 bila kasha na inashika fokasi kwenye sentimita 1. Cheti cha kwanza cha kuzamia kinakufikisha mita 18, kwa hiyo kasha lake utalihitaji tu. Anayetaka kamera kubwa ajue kwamba kasha hutengenezewa modeli moja. Ukibadilisha kamera umebadilisha na kasha, ambalo mara nyingi ni ghali kuliko kamera. Mimi ningechukua ya zamani iliyotumika, pamoja na kasha lake. Kihisi kipya hakimfanyi kasa asogee.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza kama anaweza kufunga kila kitu nyumbani hapa Nairobi, afike Diani azame tu. Usifanye hivyo. Tuko juu, karibu mita 1,700, na hewa ya hapa ni nyepesi. Kasha ulilolifunga Kilimani likifika pwani, hewa nzito ya kule inalikandamiza. Mlango wa sentimita 15 kwa 20 unabanwa kwa uzito wa zaidi ya kilo 50, na utauvuta hadi uchoke. Kama kasha lina vali, fungua vali. Kama halina, safiri na oringi, ile pete ya mpira inayoziba mlango, ikiwa imetolewa, uirudishe ukishafika, baada ya kuikagua kwa tochi, maana unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Kisha lizamishe tupu kwenye ndoo, na karatasi ya chooni ndani. Karatasi ikitoka kavu, tia kamera.